Nukta baada ya mabano

Tazama mistari hii miwili ya Python:

jina = "  asha juma  "
print(jina.strip().title())

Kinachochapishwa ni Asha Juma. Wengi wanaoanza huusoma mstari wa pili kama amri mbili kwa `jina`: ondoa nafasi, kisha anza kila neno kwa herufi kubwa. Sivyo. `jina` limeguswa na `strip()` peke yake. Hiyo `strip()` imerudisha mfuatano mpya wa herufi, na `title()` imeitwa juu ya huo mpya. Ukichapisha `jina` baadaye, nafasi zake zote utazikuta palepale, maana katika Python mfuatano wa herufi haubadiliki ukishaundwa.

Nukta inayofuata mabano, basi, inazungumza na kilichorudishwa. Ulichoanza nacho hakihusiki tena. Jaribu na orodha uone:

majina = ["Zuhura", "Asha", "Juma"]
majina.sort().reverse()

Programu inaanguka: `AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'reverse'`. Usitafute kosa kwenye orodha. Orodha inayo `reverse()`. Aliyeombwa hapa ni `None`, yaani “hakuna kitu” kwa Python, kwa sababu `sort()` hupanga orodha ileile ilipo na hairudishi chochote cha maana. Tena orodha imeshapangwa kabla programu haijaanguka! Mbaya zaidi ni kuandika `majina = majina.sort()`. Hapo Python haisemi neno. Orodha yako imekwenda, na kilio utakisikia mbali kabisa, kwenye faili jingine pengine.

Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, aliutetea uamuzi huu wa `sort()` kutorudisha orodha mwaka 2003: mnyororo wa methodi (miito iliyounganishwa kwa nukta) zinazobadilisha kitu chenyewe humlazimu msomaji azijue zote kwa undani ndipo aelewe kinachotendeka. Nakubaliana naye, watu wa JavaScript wanune wakitaka. Kwao `sort()` hurudisha safu ileile, kwa hiyo mnyororo unapita; lakini ukiandika `const b = a.sort()` umepata majina mawili ya safu moja, na mpangilio wa awali wa `a` umepotea. Ilibidi `toSorted()`, inayorudisha safu mpya, iongezwe kwenye toleo la 2023 la kiwango cha lugha hiyo.

Java ina yake. `append()` ya `StringBuilder`, kijenzi cha maandishi, hurudisha kitu kilekile, ndiyo maana unaweza kuiita mfululizo bila wasiwasi. Lakini angalia huu:

wateja.get(namba).getAnwani().getMji()

Ikiwa `namba` haimo, `get()` ya `Map` (jedwali la funguo na thamani zake) hurudisha `null`, yaani “hakuna kitu” kwa Java, na mnyororo unakatika hapo. Mteja akiwepo bila anwani, unakatika hatua moja mbele. Zamani ujumbe wa kosa ulitaja mstari tu, ukabaki kubahatisha ni nukta ipi. Tangu Java 15, ya mwaka 2020, hukutajia moja kwa moja methodi iliyorudisha `null`. Usome mpaka mwisho kabla ya kugusa msimbo.

Kwenye Python, ukiwa na shaka, ukate mnyororo:

matokeo = majina.sort()
print(type(matokeo))

Utaona `<class 'NoneType'>`. Ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo ni `sorted(majina, reverse=True)`, ambayo hurudisha orodha mpya na kuiacha `majina` kama ilivyokuwa.