Kwa nini nauli ya ndege haifuati kilomita?

Nauli ya basi inaeleweka. Tanzania, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hupanga kiwango cha kila kilomita. Ukizidisha kwa umbali wa Dar hadi Moshi unapata nauli kikomo, na kondakta akipitiliza una pa kumshtaki. Ndege haina hesabu hiyo. Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 4,000, karibu mara sita ya umbali wa Nairobi, lakini nauli yake kwa kawaida haikaribii mara sita ya ile ya Nairobi. Na ndani ya ndege moja, wewe na uliyekaa naye bega kwa bega huenda mmelipa bei zinazopishana maradufu.

Umbali una nafasi yake, ila ndogo. Ndege hunywa mafuta zaidi inapopaa, na uwanja haukupunguzii ada ya kutua eti kwa sababu umetoka karibu. Safari fupi inabeba gharama hizo zote kwenye kilomita chache.

Kinachopandisha na kushusha bei hasa ni namna viti vinavyouzwa. Ndege ikishaondoka, kiti kilichobaki wazi hakiuziki tena. Mwaka 1985 American Airlines ya Marekani ilikuwa ikinyang'anywa abiria na PEOPLExpress, kampuni changa ya nauli za chini. Ikajibu kwa ujanja: iliuza tiketi za bei ya kutupa, lakini kwa anayenunua mapema, kwa masharti magumu ya kurudishiwa fedha, na kwa viti vichache tu katika kila safari. Vilivyobaki ikawawekea watu wa biashara, wale wanaopigiwa simu leo na kesho lazima wawe kikaoni. Kompyuta ndiyo iliyopiga hesabu ya viti vingapi viende upande upi. Kufika 1987 PEOPLExpress ilikuwa imemezwa, na mtindo huo ukaenea duniani.

Alama yake utaikuta kwenye tiketi yako: herufi moja, pengine Y, M au Q. Hilo ni daraja la nauli. Wote mnakula chakula kilekile, lakini kila herufi ina bei, masharti na idadi yake ya viti. Ya bei ndogo ikiisha, mfumo unahamia inayofuata. Ndiyo maana ukitafuta tiketi za watu wanne kwa mkupuo, na kwenye daraja la chini vimebaki viti viwili, mara nyingi wote wanne mtapewa bei ya juu. Jaribu kutafuta mbili mbili.

Desemba mambo haya huonekana wazi kwenye njia ya Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Wachagga wanapanda nyumbani kula Krismasi, madaraja ya chini yanaisha mapema, na ndege inayowapeleka inarudi Dar na viti vitupu. Anayekwenda ndiye anayelipia na ile safari tupu ya kurudi. Baada ya Mwaka Mpya upepo unageuka.

Halafu kuna vibali, na hapa ndipo Afrika inapojiumiza yenyewe. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 kila nchi inamiliki anga lake, na mara nyingi nchi mbili hukubaliana ni mashirika gani yaruke kati yao na mara ngapi kwa wiki. Azimio la Yamoussoukro la nchi za Afrika la 1999 lilitaka kulegeza hayo. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la anga kwa lengo lilelile. Utekelezaji unasuasua. Fastjet, shirika la nauli za chini, ilianza kuruka Tanzania Novemba 2012, lakini haikupata kuruka Dar–Nairobi hadi Januari 2016. Kwa miaka yote hiyo, waliokuwa tayari kwenye njia hiyo hawakuwa na haraka ya kushusha bei. Kwenda Dubai, kinyume chake, unaweza kupanda Emirates au flydubai moja kwa moja, au kupitia Addis Ababa au Doha, na kila mmoja anamchungulia mwenzake.

Fastjet hiyohiyo ilianza kwa kutangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000. Kodi hazikuwemo. Kwa hiyo ukilinganisha mashirika, nenda hadi ukurasa wa malipo, ukiwa umeshaweka na begi, ndipo usome jumla.