Mtego unaofyatuka mara moja: kirusi cha chikungunya kinavyoungana na seli

Hapa Moshi nikiulizwa kirusi cha chikungunya huingiaje ndani ya seli, aliyeuliza mara nyingi huwa ameshajijibu kwamba kinatoboa, kama mbu anavyotoboa ngozi. Hakitoboi. Kirusi hiki, ambacho kilitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, kimevikwa utando wa mafuta kama ule wa seli, na ili kiingie sharti tando hizo mbili ziwe moja.

Katika bakuli la supu, viduara viwili vya mafuta vikigusana huwa kimoja. Tando za seli hazina wepesi huo, kwa sababu vichwa vya lipidi zake (molekuli za mafuta zinazouunda utando) hupenda maji na kuyashikilia, na tabaka hilo jembamba la maji huzizuia zisikaribiane. Kuliondoa kunahitaji nguvu, ambayo kirusi kimeiweka akiba katika protini iitwayo E1.

Juu ya kirusi kuna miiba 80, na kila mmoja una jozi tatu za E1 na protini mwenzake, E2. E2 hushika kipokezi cha seli, na papo hapo huifunika ncha ya E1 inayopenda mafuta. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko ambacho polepole hujaa asidi. pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, inaposhuka kufikia karibu 6, E2 husogea kando, ncha ya E1 hujichomeka katika utando wa kifuko, E1 tatu hushikana, kisha hujikunja zikizivuta tando hizo hadi zigusane. Tabaka za nje huungana kwanza, ndipo za ndani, na tundu likishafunguka RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, hupita. (Jina chikungunya, kwa Kimakonde, lahusu kupinda, ingawa waliopinda ni wagonjwa wenye maumivu ya viungo.)

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kusuuza virusi vya jamii hii kwa bafa (kimiminika cha kutunza pH) niliyoiandaa vibaya, yenye pH ya 5.5, kisha nikavirudisha kwenye 7.4 nikidhani nimerekebisha kosa, nikavimimina juu ya seli ili viziambukize. Siku mbili baadaye seli zilikuwa zimetandaa sahanini, zote nzima. E1 zilikuwa zimejikunja bila utando wowote wa kuchomeka, na zikishajikunja hazirudi. Bafa hiyohiyo, ikipashwa joto na kumiminwa juu ya seli zilizokwisha kushikwa na virusi kwenye barafu, huviunganisha na utando wa nje pale pale, bila kusubiri kumezwa.