Manowari si lazima iwe nyambizi

Manowari ni chombo cha majini cha jeshi la nchi, kiwe kinaelea, kiwe kinapiga mbizi. Nyambizi ni aina moja tu ya manowari, ile inayozama na kuibuka kwa hiari yake. Kila nyambizi ya jeshi ni manowari, lakini manowari nyingi hazikuundwa kuzama, na siku zikizama ni msiba.

Naandika haya kwa sababu mkanganyiko umeshaingia hata kwenye taarifa za habari. ARA San Juan ya Argentina, iliyopotea na watu 44 Novemba 2017, ilikuwa nyambizi. Moskva ya Urusi, iliyozama katika Bahari Nyeusi Aprili 2022, ilikuwa meli ya kuelea, makombora yake yamepangwa ubavuni mwa sitaha. Zote mbili ni manowari, na anayeziita hivyo hajakosea. Anayekosea ni yule anayedhani neno lenyewe lina maana ya kwenda chini ya maji, akaliondoa kwenye meli kama Moskva na kuiachia San Juan peke yake.

Tazama lilikotoka. Waingereza waliita meli ya kivita "man-of-war", yaani mtu wa vita, na watu wa pwani wakalichukua kama walivyolisikia. Ndivyo walivyofanya pia na neno meli, lililotokana na "mail", yaani barua za posta kwa Kiingereza, kwa kuwa zile za moshi zilikuja na mifuko ya posta. Merikebu ilikuwapo kabla yake, kutoka Kiarabu. Sasa, hao waliolipa Kiswahili neno manowari walikuwa wanaona nini? Waliona kama HMS London, jahazi kubwa la mbao la vita lililotia nanga Unguja kuanzia 1874, ambalo mabaharia wake walitoka kwa mashua kufukuza majahazi ya watumwa. Wakati huo hapakuwa na nyambizi hata moja katika maji yetu. Neno lilizaliwa likitazama milingoti na bendera. Nyambizi ilipokuja ilipewa jina lake, na ukilitamka unaisikia mbizi ndani yake. Tuna maneno mawili mazuri kwa vitu viwili, na inaniuma tukiyasaga yakawa moja.

Kuna kosa la pili, la kudhani kuwa mizinga ndiyo inayofanya chombo kiwe manowari. Sheria ya kimataifa haisemi hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 29, unataka mambo manne: chombo kiwe cha majeshi ya nchi, kiwe na alama za nje zinazoonyesha ni cha nchi gani, kiongozwe na afisa aliyeteuliwa na serikali ambaye jina lake limo katika orodha ya maafisa, na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Bunduki haikutajwa. Ndiyo maana meli ya mizigo iliyobeba walinzi wenye silaha kwa kuwahofia maharamia wa Somalia haikuwa manowari hata siku moja. Mkataba huohuo, kifungu cha 20, unaitaka nyambizi inayopita katika bahari ya nchi nyingine ielee juu na kuonyesha bendera yake. Hata chombo cha mbizi, kikikaribia mlango wa mwenzake, hutakiwa kujitambulisha.

Bendera basi ndiyo inayomaliza ujenzi. Mafundi hulaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, husimamisha mataruma, yaani mbavu zake, hufunika bodi, kisha hukishua chombo majini. Watu hushangilia siku ya kushua, magazeti huandika kwamba nchi imepata manowari, kumbe kilichoelea ni boma tu. Kenya inalijua hilo vizuri. KNS Jasiri iliundwa Hispania na ikabaki huko miaka mingi kwa sababu ya mgogoro wa mkataba; Mombasa iliiona 2012. Herufi tatu zilizo mbele ya jina lake zinaitambulisha kama meli ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, na herufi hizo haziletwi na fundi wa kuchomelea.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Unguja. Tufani ya 1872 iliharibu meli za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Mwaka uliofuata ilifika bandarini manowari ya Kiingereza, HMS Glasgow, ikampendeza, akaagiza yake ya kufanana nayo. Iliundwa Dumbarton, Uskoti, mataruma ya chuma na mbao za msaji, ikakamilika 1878 kwa pauni 32,735. Ilikuwa na mizinga saba midogo na bunduki ya Gatling, yenye mitutu mingi, iliyokuwa zawadi kutoka kwa Malkia Victoria. Ikaitwa Glasgow vilevile. Ilipofika haikumfurahisha mwenyewe, ikakaa nangani miaka mingi mbele ya majumba ya kifalme. Kwa vita haikuwa na uzito wowote. Lakini ilisimama mbele ya mji kusema kwamba hapa pana dola, na dola hiyo ina bendera yake baharini.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ilibidi iseme kwa vitendo. Khalid bin Barghash alikuwa amejitawaza, Waingereza hawakumtaka, na meli zao tano zilijipanga bandarini. Glasgow iliifyatulia HMS St George, manowari ya chuma iliyoipita kwa kila kipimo, ikajibiwa na kuzamishwa. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Maji pale si ya kina. Milingoti mitatu na dohani yake vilibaki vimechomoza juu ya bahari hadi 1912, vikitazamwa na kila aliyekuja forodhani, ndipo mabaki yakavunjwavunjwa na kuondolewa.

Glasgow ilikwenda chini ya maji na bado hakuna mzee wa Unguja ambaye angeiita nyambizi. Kwa hiyo, ndugu mwandishi, unapotafsiri habari ya jeshi la majini, angalia kwanza chombo chenyewe. Kama ni cha kupiga mbizi, andika nyambizi. Kama kinaelea, andika manowari au meli ya kivita. Na kama taarifa uliyopewa haisemi ni cha aina gani, manowari itakutosha, kwa kuwa inavibeba vyote viwili.