Mwisho wa matunzo: je, mtafiti ahamie mfumo endeshi mpya?

Kila mfumo endeshi wa kompyuta, uwe Windows, macOS au Linux, una siku ambayo waliouunda wanaacha kuuhudumia. Siku hiyo ndiyo mwisho wa matunzo. Kompyuta haizimiki. Kesho yake inawaka kama kawaida, Excel inafunguka, R, programu ya takwimu, inapiga hesabu zilezile. Kinachokoma ni viraka, yaani programu ndogondogo za kuziba mianya ya usalama. Mianya yenyewe huendelea kugunduliwa, ila sasa hakuna wa kuiziba.

Windows 10 ilifika hapo tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya kama Egerton kule Njoro, au Maseno, hiyo si habari ya mbali. Laptopu ambazo wengi wanazimudu ni zile za mtumba kutoka Uingereza, mathalan HP EliteBook 840 G3, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine kama hiyo imeshakujibu kabla hujauliza. Kilichobaki ni kuhamia Linux, kutafuta mashine nyingine, au kujiandikisha kwa viraka vya ziada ambavyo Microsoft ilitangaza kuwapa watu binafsi hadi Oktoba 2026.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kusasisha ndani ya toleo ulilo nalo ni kuziba tundu kwenye bati. Kuhamia toleo jipya ni kuezua paa zima. Chukua Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022 ikiwa na matunzo ya kawaida ya miaka mitano. Ukiisasisha kila wiki, Python yake (lugha ya kuandikia programu) inabaki 3.10. Ukihamia 24.04, Python inakuwa 3.12, na maktaba nyingi za hesabu, yaani makusanyo ya programu zilizoandikwa tayari, zinabadilika nayo. Anayezima masasisho yote ati asije akaharibu data ya tasnifu anajinyima viraka bure. Cha kuogopa ni huko kuhama.

Na kweli kuna sababu ya kuogopa, kwa maana matokeo yanaweza kubadilika bila kompyuta kulalamika hata kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, waliokuwa wakichunguza kemikali za sayanobakteria (bakteria wa majini, ndugu za wale wanaoyapaka kijani maji ya Ghuba ya Winam kwenye Ziwa Victoria), waligundua kwamba skripti (programu fupi) za Python zilizokuwa zikitumiwa na wanakemia tangu 2014 zilitoa majibu tofauti kwenye mifumo endeshi tofauti, kwa data ileile. Kosa lilikuwa dogo la kuchekesha: skripti ziliamini kwamba mfumo ungeziorodhesha faili kwa mpangilio fulani, nao mfumo haukuahidi hivyo.

Tuseme wewe unapima kutu ya ngano huko Njoro. Una faili shamba1, shamba2 hadi shamba10 za vipimo, na faili nyingine za majina ya aina za ngano. Mfumo mmoja unaziorodhesha kwa nambari, mwingine unaweka shamba10 mbele ya shamba2, wa tatu unafuata jinsi zilivyokaa kwenye diski. Skripti inayounganisha ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, itaipa aina moja ya ngano ugonjwa wa nyingine. Grafu itachorwa vizuri tu. Tiba ni neno moja la Python, sorted, linaloipanga orodha kwa mpangilio uleule kila mara, lakini lazima ujue pa kuliweka.

Kwa hiyo mimi hushauri hivi: usihame katikati ya uchambuzi. Maliza sura au makala uliyo nayo, andika matoleo ya kila programu uliyotumia, kisha uhame. Baada ya kuhama, chukua data ya zamani ambayo majibu yake unayajua, uipige upya, ulinganishe nambari kwa nambari. Zikitofautiana, usiendelee hadi ujue kwa nini. Mwenye diski ya ziada aweke mfumo mpya humo na kuuacha wa zamani mahali pake. Na kwa kuwa upakuaji wenyewe ni gigabaiti kadhaa, tumia Wi-Fi ya chuo, laptopu ikiwa na chaji kamili. Stima ikipotea katikati ya usakinishaji, unaweza kubaki na mashine isiyowaka.

Kompyuta iliyounganishwa na kipimo cha maabara ina sheria zake. Spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaopita kwenye sampuli) ya zamani inaweza kuwa na draiva, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, iliyoandikwa kwa Windows XP pekee, na kampuni yake haina mpango wa kuandika nyingine. Hapo iache XP ilivyo, hata kama matunzo yake yaliisha Aprili 2014. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na data itoke kwa flashi moja isiyotumika kwingine, inayosafishwa virusi kwenye mashine yenye viraka kila inapotoka na kabla ya kurudi.