Kwa nini radi moja huua kundi zima la ng'ombe?

Msimu wa mvua ukishakolea, wafugaji wa Kanda ya Ziwa huwa hawakosi kuisikia habari hii: radi imepiga malishoni, ng'ombe kadhaa wamekufa papo hapo chini ya mti mmoja, na mchungaji aliyekuwa jirani nao ameanguka, akazimia, kisha akaamka. Maswali huanza hapo hapo. Radi ilikuwa moja, iliwapataje wote? Na mbona mtu imemwacha? Asiyepata jibu huenda kwenye maneno ya radi ya kutumwa, na siku chache baadaye kuna mzee kijijini anaangaliwa kwa jicho baya. Inauma, kwa sababu jibu lipo, na lipo chini ya kwato.

Radi inapoupiga mti, umeme haukomi shinani. Unaingia ardhini na kusambaa pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa uwanjani. Karibu na shina volti huwa nyingi mno, na kila unaposogea mbali zinapungua. Kwa hiyo ardhi unayoikanyaga wakati huo haina volti sawa kila mahali. Ukisimama umepanua miguu, mguu mmoja uko penye volti nyingi na mwingine penye volti chache, na tofauti hiyo ndiyo inayousukuma umeme kupanda mguu mmoja na kushukia mwingine.

Tupige hesabu. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi. Chukua udongo wenye ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme kupita, wa ohmu-mita 200, ambao si wa ajabu. Ng'ombe amesimama mita 5 kutoka shinani, kichwa kimeelekea mti, na kati ya miguu yake ya mbele na ya nyuma kuna mita moja na nusu. Tofauti kati ya kwato za mbele na za nyuma inafika volti 44,000 hivi. Mtu aliyesimama hapo hapo, miguu ikiachana sentimita 30, anapata kama 11,000. Hata mita 20 kutoka mtini, ng'ombe yule bado angepata zaidi ya 3,000. Ni kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini inatosha.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloamua nani afe. Kwa mtu, umeme unaopanda mguu na kushuka mwingine hupita zaidi mapajani na nyongani. Kwa ng'ombe, njia kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma inapita kifuani, moyo ukiwa humo humo njiani. Agosti 2016, kwenye uwanda wa Hardangervidda nchini Norway, kulungu 323 wa nchi za baridi walikutwa wamekufa pamoja baada ya mvua ya radi. Walikuwa wamesongamana, kama ng'ombe wanavyosongamana mvua ikianza. Hakuna aliyemtumia mtu radi kule.

Sisi wa Maziwa Makuu tuna sababu zaidi ya kulijua hili. Setilaiti zilizohesabu radi duniani kati ya 1998 na 2013 ziliipa nafasi ya kwanza Ziwa Maracaibo la Venezuela, na ya pili eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ziwa Victoria nalo lina mpango wake. Mchana mawingu ya radi hujijenga nchi kavu, usiku yanahamia majini, saa ambazo wavuvi wako kwenye mitumbwi na wao ndio kitu kirefu kuliko vyote pale. Mvuvi aliyeona mawingu yamejikusanya jioni, abaki pwani.

Kwa hiyo mti, ambao kila mtu huukimbilia, ni mahali pabaya kuliko hata kulowa. Zaidi ya umeme wa ardhini, radi huweza kuruka kutoka shinani na kumrukia aliyeegemea. Kama umekutwa uwandani na hakuna nyumba karibu, ondoka kwenye mti na kilele cha kilima, ishusheni mizigo ya chuma, achaneni mita kadhaa, na mwendelee kuelekea penye usalama. Ukilazimika kusimama, kutanisha miguu. Usilale chini, maana ukilala unakuwa ng'ombe.

Lakini si kila paa ni kimbilio. Machi 2018 radi ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, Rwanda, wakafariki watu 16. Novemba 2024 ikawapata waumini katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda, wakafariki 14. Banda la nguzo za miti lililoezekwa bati halina njia ya kuushusha umeme hadi ardhini, kwa hiyo unashukia watu. Nyumba imara yenye nyaya na mabomba ukutani ina afadhali kubwa, mradi ukae mbali na kuta, bomba, nondo za madirisha na simu iliyochomekwa kwenye chaji. Shule na makanisa yanahitaji kinga ya radi: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka nje, na fimbo zilizozikwa vizuri ardhini. Kamati inayochangisha fedha za kupaka rangi ianze na hiyo. Gari lililofungwa lenye bodi ya chuma nalo hukinga, kwa sababu umeme hupita kwenye bodi, matairi hayahusiki. Bodaboda na bajaji hazikingi chochote.

Kuhusu muda: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, lakini usingoje kuhesabu. Ukisikia ngurumo tu, tayari uko ndani ya eneo lake. Ingia ndani, na utoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Friji na televisheni zichomolewe mawingu yakiwa bado mbali, si radi ikiwa juu ya paa.

Waya wa umeme ulioangushwa na upepo huua kwa njia ile ile ya ardhi, tofauti ni kwamba umeme wake haukomi mpaka ukatwe kwenye laini. Wengi hufa bila kuugusa. Kaa mita 10 au zaidi, zuia watoto, wapigie shirika la umeme. Ukijikuta tayari uko karibu, usipige hatua ndefu: kutanisha nyayo na uziburute taratibu bila kuziachanisha mpaka ufike mbali. Usiusogeze waya kwa fimbo ya mti. Mti mbichi au uliolowa hupitisha umeme.

Na aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Mguse. Kuna watu wameachwa wakafa kwa kuogopwa, wengine wakafukiwa kwenye mchanga wakati walichohitaji ni pumzi. Kama wameanguka wengi, nenda kwanza kwa aliyenyamaza, anayelia anapumua. Mara nyingi moyo hujiamsha wenyewe, lakini pumzi hukawia kurudi, na hapo ndipo maisha hupotea. Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 mpulizie pumzi mbili mdomoni. Endelea mpaka apumue au msaada ufike. Hata aliyesimama akasema yuko sawa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akapimwe moyo na masikio.