Je, wajua kwa nini fundi wa kandarasi hulipwa zaidi kwa siku kuliko opereta wa kiwanda?

Masika yakishaingia Kidatu, katika bonde la Kilombero, kiwanda cha sukari hunyamaza. Mashamba yanalowa hadi matrekta yanazama, na muwa uliojaa maji hauna utamu wa kulipia kuni zake. Mabomba ya moshi yanapoa. Lakini ukiingia ndani, utakuta watu wengi kuliko siku za kusaga. Boila zimefunguliwa matumbo, rola za kinu zimeng'olewa, cheche zinaruka kila kona. Wengi wa wanaochomelea mle si wafanyakazi wa kiwanda. Wamekuja na kandarasi, watakaa wiki kadhaa, kisha watahamia kwenye mtambo mwingine.

Saa sita mchana, opereta wa boila na welda aliyekuja kuitengeneza boila hiyohiyo wanakaa benchi moja kwa mama lishe. Wakianza kuulizana malipo, opereta huinuka na donge rohoni. Yeye yupo hapo miaka minane, anaijua kila vali kwa giza, na mgeni wa juzi anachukua kwa siku mara mbili au tatu ya anachopata yeye. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye kitu ambacho kila mmoja anakiuza. Opereta anauza ujuzi wa mtambo mmoja. Fundi wa kandarasi anauza ujuzi anaoweza kuubeba begani akatoka nao getini. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa karibu tofauti zote nyingine za malipo, likizo, uzeeni, hata za kupanda cheo.

Mtazame mpika sukari. Kwa macho yangu hakuna kazi ya kiwandani inayostahili heshima kuliko hii, na haiheshimiwi vya kutosha. Shira ya miwa hupikwa katika sufuria kubwa zilizofungwa, ambazo hewa yake imenyonywa ili shira ichemke kwenye nyuzijoto 60 au 70 hivi badala ya kupita 100. Ikipikwa kwa moto mkali inaungua na kubadilika rangi. Mpika sukari huingiza mbegu, yaani chembe laini sana za sukari, kisha huzikuza kwa kulisha shira kidogo kidogo. Akiharakisha, huzaliwa chembe mpya ndogondogo asizozitaka, na hizo huziba nyavu za mashine za kuzungusha zinazotenganisha sukari na molasi. Akichelewa, sufuria nyingine zinasubiri na kinu chote kinapunguza mwendo. Kila baada ya muda huchota sampuli, huipaka kwenye kioo na kuitazama kwenye mwanga. Skrini zipo siku hizi, zinamwonyesha joto na uzito wa shira, lakini wapishi wazuri bado wanachungulia kile kioo.

Ujuzi huo haupatikani kwa mwezi. Chuo cha Taifa cha Sukari kipo hukohuko Kidatu na kinafundisha misingi, lakini mkono hukomaa kwa misimu ya kusimama nyuma ya mzee wa zamu. Sasa jiulize mtu huyu atauuza wapi ujuzi wake. Tanzania viwanda vikubwa vya sukari vinahesabika kwa vidole: Kilombero, Mtibwa, TPC huko Moshi, Kagera, na vichache vilivyoongezeka karibuni. Wanunuzi wakiwa wachache hivyo, bei ya ujuzi haipandi haraka. Mwajiri anajua kwamba ili uhame inabidi uhamishe familia hadi Missenyi, kilipo kiwanda cha Kagera, au uvuke mpaka kwenda Kakira au Kinyara, Uganda.

Welda wa boila hana shida hiyo. Mrija unaobeba mvuke wenye shinikizo kubwa hauchomelewi na yeyote tu. Fundi hupewa mtihani, na uliozoeleka unaitwa 6G: kipande cha bomba hufungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, bila kuruhusiwa kukizungusha, naye anachomelea akilizunguka, juu, chini na ubavuni. Kiungo kinapigwa picha ya eksirei au kinakatwa na kukunjwa. Kikiwa na kasoro iliyozidi kiwango kinachoruhusiwa, amefeli. Akifaulu anapata cheti cha ujuzi unaotafutwa kiwanda cha sukari, cha saruji, kituo cha umeme wa gesi, hata kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mnunuzi mmoja akikataa bei yake, yupo mwingine. Ila cheti hicho ni kama panga, kisiponolewa kinashika kutu. Kwa kanuni za Kimarekani zinazotumika sana kwenye boila, ukikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile uliyofanyia mtihani, sifa inakufa na unarudi kwenye mtihani.

Jambo la pili ni haraka. Kiwanda kilichosimama hakiingizi senti. Tanuri la saruji, kwa mfano, ni bomba kubwa linalozunguka, na mawe ndani yake hufika nyuzijoto 1,450. Matofali yake ya ndani yakilika, lazima lipoe ndipo watu waingie, na hata kupoa kuna masharti, maana ni lazima liendelee kuzungushwa polepole, vinginevyo linapinda kwa uzito wake. Kila siku ya kusubiri ni hasara. Meneja anayehesabu hasara hiyo habishani sana na fundi kuhusu elfu ishirini za nyongeza.

Sasa tuchukue kalamu. Nitatumia viwango vya mfano tu ili hesabu ionekane.

Opereta wetu ana mshahara wa msingi wa Sh585,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ukigawa mshahara huo kwa wiki 4.333 za mwezi, kisha kwa saa 45, unapata Sh3,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani Sh4,500, na haitakiwi kuzidi saa 50 katika kila wiki nne. Akizifikisha zote ameongeza Sh225,000. Sikukuu na siku yake ya mapumziko akiitwa kazini, ni mara mbili.

Usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya angalau asilimia 5. Kwa huyu ni Sh150 kwa saa, au Sh1,200 kwa zamu nzima ya saa nane. Kwangu hicho ni kidogo mno kwa mtu aliyekesha akilinda boila ili wengine walale. Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kulipa zaidi, na hapo ndipo chama cha wafanyakazi, TUICO viwandani au TPAWU mashambani, kinapopaswa kufanya kazi yake kwenye mkataba wa hali bora. Soma pia kipengele cha zamu za saa 12. Mfanyakazi akikubali kwa maandishi, sheria inaruhusu afanye hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, mradi siku zisizidi tano na saa 45 za wiki zisipitwe. Wengi husaini bila kujua wamekubali nini.

Welda wetu analipwa Sh60,000 kwa siku. Kwa mwaka opereta anapata Sh7,020,000 kabla ya ovataimu. Welda anahitaji siku 117 za kazi kumfikia. Si nyingi, utasema. Lakini mwajiri anamwekea opereta asilimia 10 ya mshahara NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sawa na Sh702,000 kwa mwaka, na hapo siku za welda zinafika 129. Opereta ana likizo ya siku 28 yenye malipo, na akiugua hakatwi palepale. Akipunguzwa kazi baada ya miaka kumi, ana kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, jumla siku 70, ambazo kwa mshahara huu ni kama Sh1,575,000. Welda anayelipwa kwa siku ana siku zake tu. Miradi ikiwa mingi anazifikisha siku 200 na kujenga nyumba. Miradi ikikauka, anashinda kijiweni na cheti chake mfukoni.

Kwa hiyo ile elfu sitini ndani yake mna mshahara, likizo, uzeeni, nauli na siku za kukaa bure, vyote vimefungwa pamoja. Anayeitumia yote kama mshahara ndiye anayekuja kulia.

Yupo mtu wa tatu, na huyu ndiye ninayemwonea uchungu. Anaendesha mtambo kila siku, zamu kwa zamu, mwaka wa tatu sasa, lakini kitabuni ni mtu wa kampuni ya kuleta vibarua. Hana bei ya welda wala ulinzi wa opereta. Kiwanda kinalipa kampuni, kampuni inakata chake, kinachobaki ndicho mshahara. Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2014 kuzuia mawakala wa ajira wasigeuke waajiri wa watu wanaowapeleka kwingine. Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi kwa mwezi, pamoja na haki zake. Kijana akiniletea mkataba nimsomee, huanza na mstari wa jina la mwajiri kabla ya mstari wa fedha.

Na ngazi ya kupanda je? Opereta huanza helpa, akafagia na kubeba vifaa. Akawa mtu wa mzunguko, anayepita kusoma geji na kusikiliza beringi. Kisha chumba cha kuongozea mitambo, kisha msimamizi wa zamu. Hapo wengi hukwama, kwa sababu nafasi inayofuata inadai stashahada au shahada, na msimamizi mwenye miaka ishirini anajikuta akimfundisha kazi bosi wake mpya. Njia ya kutokea ni kuugeuza ujuzi wa mtambo mmoja uwe ujuzi unaobebeka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mtu aliyejifunzia kazini: anapimwa, penye pengo anafundishwa, anapewa cheti. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu hadi ya kwanza, na huko karatasi ina bei ya wazi, maana amri ya mishahara imetenga kima cha chini cha fundi asiye na gredi na cha kila gredi kivyake. Mtu yuleyule, mikono ileile, akifaulu mtihani kima chake kinapanda kisheria.

Wa kandarasi ngazi yake ni nyingine: fundi, fomeni, kisha kampuni yake mwenyewe, iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja linaloamua ukubwa wa kazi atakayoruhusiwa kuchukua. Hapo hauzi tena mkono. Anauza uwezo wa kuwalipa mafundi kumi kila Jumamosi huku ankara yake ikikaa mezani kwa mhasibu wa kiwanda siku 60 au 90. Mafundi hodari wamefilisika kwa pengo hilo, wakati kazi yao haikuwa na kasoro hata moja.

Wapo pia wanaovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Opereta wa boila aliyepata cheti cha uchomeleaji, akaacha kazi, akarudi masika kama mtu wa kandarasi, huwa na faida ambayo welda mgeni hana: anakumbuka ni mrija upi ulivuja msimu uliopita.