Kabla Hujauliza Bei ya Jiwe

Wanaokuja ofisini kwetu Entebbe na mawe kwenye mkoba, kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), wengine hata ndani ya soksi, huwa na swali moja tu: ni dhahabu? Mzee mmoja alitoka Busia alfajiri kwa teksi, akafungua leso mbele yangu polepole kama anayefunua mtoto mchanga. "Mwanangu, usinifiche. Hiki ni nini?" Kilikuwa kipande chenye mng'ao wa manjano. Nilishakitambua kabla hakijafika mezani, ila nilitaka ajionee kwa macho yake.

Nikachukua kigae cha bafuni, nikakigeuza upande wa nyuma unaokwaruza, nikamwomba asugue jiwe lake hapo. Mstari ukatoka mweusi wenye ukijani. Dhahabu ingeacha mstari wa manjano. Tukagonga pembe ya jiwe kwa nyundo, likasagika, harufu ya kiberiti ikatupanda puani. Dhahabu ikigongwa haivunjiki, hubonyea na kutandazika. Lake lilikuwa pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo yamewadanganya watu duniani kote. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Kumbe nimelilinda bure!"

Wengine huleta mchanga wenye vimetameta walioukuta kisimani au kwenye mfereji. Huo mara nyingi ni ulanga, yaani mika. Ingiza ncha ya sindano pembeni mwa chembe, utaona inabanduka karatasi karatasi. Pima pia uzito mkononi: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo uleule, pairiti mara 5, ulanga karibu mara 3 tu. Ndiyo maana anayechekecha mchanga kwa karai mtoni huona ulanga ukienda na maji, na dhahabu, kama ipo, ikibaki chini.

Hapo tumeshaingia kwenye somo la madini bila kujua. Kila madini yana kemikali zake na mpangilio wake wa ndani, na kutokana na huo tunapata rangi ya mstari, ugumu, uzito na namna yanavyovunjika. Jiwe ni kitu kingine. Jiwe ni katogo: ukitazama sahani unaona ndizi, utumbo, kitunguu, kila kimoja na sura yake, lakini chakula ni kimoja. Nenda Nyero kule Kumi, mahali penye michoro ya kale, ukainame karibu na yale majabali ya matale, yaani graniti. Punje za kijivu zinazofanana na chupa ni kwatzi, zile za maziwa au waridi ni felspa, na vidoa vinavyometameta ni ulanga wetu uleule.

Punje za Nyero ni kubwa kwa sababu matale yalipoa taratibu, chini sana ardhini, hadi kila madini yakapata nafasi ya kukua. Tunayaona leo kwa kuwa kilichoyafunika kimemomonyoka chote. Sasa linganisha na mawe meusi ya Kisoro, chini ya volkeno ya Muhabura, ambayo wakulima wanayaondoa shambani na kuyarundika mipakani. Lile ni tope la moto lililomwagika juu ya ardhi likaganda upesi. Punje huzioni kwa macho, ila matundu ya gesi unayaona. Yote mawili ni miamba ya moto, na tofauti yake kubwa ni muda wa kupoa.

Mwamba huo ukiliwa na mvua na jua, vumbi lake hushuka bondeni au ziwani, hulaliana tabaka juu ya tabaka na kushikamana. Hiyo ndiyo miamba ya mashapo. Kando ya Ziwa Albert mashapo ya namna hiyo yana unene wa kilomita kadhaa, na humo ndimo mafuta yalimogunduliwa mwaka 2006. Ukiukandamiza na kuupasha joto mwamba wowote bila kuuyeyusha, unapata miamba geu: mawe ya chokaa huwa marumaru, kama yale yanayochimbwa Karamoja.

Wanafunzi hukariri makundi haya matatu kama majina ya wilaya. Binafsi nawapeleka Tororo kwanza. Kile kilima kinachosimama peke yake juu ya mji kina mawe ya chokaa, na kwa miaka mingi kiwanda cha saruji kiliyatumia. Kitabuni wamesoma kwamba chokaa ni mashapo ya bahari. Lakini Tororo hapakuwa na bahari: chokaa ile ilipanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka, kwenye koo la volkeno ambayo sasa imelika. Ni mwamba wa moto, wa aina adimu. Wakishabishana hapo nusu saa, hawasahau tena.

Rwenzori nayo huwachanganya. Elgon ni volkeno iliyozimika, Muhabura vilevile, basi watu hudhani na Rwenzori, yenye theluji na urefu wa mita 5,109, ni ndugu yao. Sivyo. Ni pande la ardhi ya kale mno lililosukumwa juu kati ya nyufa, pale Bonde la Ufa linapopanuka milimita chache kila mwaka. Shaba ya Kilembe ilichimbwa ubavuni mwa pande hilo.

Nyufa hizohizo ndizo zilizotikisa Toro tarehe 20 Machi 1966, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ni jambo la huzuni, lakini matetemeko ndiyo yaliyotufundisha dunia ina nini ndani. Shimo refu kuliko yote lililotobolewa kwa ajili ya sayansi, kule Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, na kutoka hapa hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Hatujalitoboa hata ganda. Lakini tetemeko linapopiga, mawimbi yake hupenya dunia nzima na kunaswa upande wa pili. Mengine hupinda, mengine hayafiki kabisa, kwa kuwa aina moja haipiti kwenye kimiminika. Kwa hesabu hizo tunajua kwamba chini ya ganda kuna joho la mwamba mgumu unaotiririka polepole mno, hadi kilomita 2,900, kisha kiini cha nje cha chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa kiini kigumu.

Ukitaka kutuletea jiwe, usilioshe wala usilipake mafuta ling'ae. Livunje, tuone sehemu mbichi ya ndani. Andika ulikoliokota: kijiji, mto, jabali lenyewe au kando ya barabara, maana mawe ya barabarani huletwa na lori la murram kutoka kwingine kabisa. Mahali ni muhimu kuliko mng'ao. Pairiti na dhahabu halisi mara nyingi hukaa kwenye mshipa mmoja wa kwatzi, na Busia dhahabu ipo. Nilipomuuliza mzee alikolitoa lile jiwe lake, alisema alipewa na mpwa wake. Nikalifunga tena kwenye leso, nikamwomba arudi akamuulize.